Motokaa Kuukuu Iliyoshinda

Somo la leo ni juu ya mashindano ya motokaa.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Motokaa zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani masika. Nanyi mnajua mvua huifanyaje njia ya udongo: gurudumu huzunguka bure, gari halisogei. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84. Zilizomaliza ni 7 tu.

Sasa sikilizeni habari za Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Motokaa mpya zilikuwapo, lakini wao ndio walioshinda. Dereva aliye fundi husikia chuma kikilalamika, akapunguza mwendo kabla hakijavunjika. (Mwenye baiskeli ananielewa.) Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi. Watu walimwita Simba.

Siku hizi matajiri huzitafuta sana motokaa za namna hiyo. Si kwa mbio zake, maana gari jipya huzipita. Ni kwa kuwa zimebaki chache, na zina historia. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya motokaa za zamani tu, nchini Kenya na mara nyingine Tanzania. Mtu huleta gari la thamani kubwa, akalitia matopeni kwa hiari yake! Mimi nisingethubutu.

Haya, andikeni: gurudumu, usukani, breki. Kisha msomee jirani yako.