Tanga la Ghuba ya Winam na Mvua ya Mawe ya Gusii

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina ziwa. Zina mito, Gucha ukiwa maarufu zaidi, na vijito vya Awach vinavyoteremka kuelekea Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, lakini hakuna hata mmoja wenye nafasi ya kutweka tanga. Anayetaka kujifunza kuendesha mashua kwa upepo hana budi kushuka kupitia Oyugis hadi Kendu Bay, au aelekee Homa Bay. Safari si ndefu. Kwa mstari ulionyooka, kutoka mjini Kisii hadi maji ya karibu ni chini ya kilomita 40, na siku ya anga safi ziwa huonekana kutoka juu ya ukingo wa Manga.

Ukaribu huo una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Upepo unaojaza tanga la mvuvi wa Kendu Bay saa sita mchana ndio unaopanda hadi mashamba ya chai ya Nyamira ifikapo saa tisa au saa kumi, ukawamwagia wakulima mvua, mara nyingine ya mawe. Dhoruba hiyo ikishapasuka huko juu, hewa yake baridi hushuka tena hadi ziwani na kumkuta mvuvi aliyechelewa kurudi. Kwa hiyo anayejifunza tanga katika ghuba anajifunza pia hali ya hewa ya Gusii, yaani ya Kisii na Nyamira, apende asipende.

Tuanze na upepo wenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Jua likishachomoza na kupanda, hewa iliyo juu ya ardhi hupashwa moto, ikawa nyepesi na kuinuka. Hewa ya ziwani, ambayo bado ni baridi na nzito, huingia kuchukua nafasi yake. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi upepo huo wa ziwa huwa umeshika. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa haraka, maji hubaki na joto la mchana, na hewa baridi huteremka kutoka vilimani kuelekea majini. Mabaharia wa Pwani wanaufahamu upepo wa namna hiyo. Wao huuita umande.

Wavuvi wa tanga wamejenga ratiba yao juu ya zamu hizo mbili. Hutoka kabla ya mapambazuko, upepo wa nchi kavu ukiwasukuma kwa nyuma. Baina ya saa mbili na saa nne huwa shwari, muda wa kushughulikia nyavu. Kisha upepo wa ziwa huamka na kuwarudisha nyumbani. Wakienda wana upepo wa tezi, yaani wa nyuma, na wakirudi pia wana upepo wa tezi. Siku ikienda vizuri, hawalazimiki kupambana na pepo za omo, zile za mbele, hata mara moja.

Hilo ni jambo la maana kwa sababu ya aina ya tanga lenyewe. Kabla ya karne ya 19 mitumbwi ya ziwa hili ilikwenda kwa makasia, ikiwemo ile mikubwa ya Buganda iliyojengwa kwa mbao zilizoshonwa. Tanga la pembetatu, lililofungwa kwenye foromali ndefu, yaani boriti ya tanga, lilikuja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kutoka Pwani. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Pwani, alikuwa anatumia chombo cha tanga katika maji ambayo bado yalitawaliwa na kasia. Leo injini zimeenea, lakini petroli ina bei na upepo hauna, ndiyo maana tanga halijatoweka.

Watu wengi huamini kwamba tanga husukumwa tu, kama jani linalopeperushwa. Hivyo ndivyo ilivyo upepo unapotoka tezini. Ukitoka ubavuni, kazi ni nyingine kabisa. Tanga hujikunja likawa na tumbo, na hewa inayopita upande wa nje wa tumbo hilo hukimbia zaidi kuliko ile ya ndani. Tofauti hiyo huzaa nguvu inayolivuta tanga kwa mbele na kwa upande. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hukinza ule mvuto wa upande, na chombo hubaki na njia moja tu ya kupita: mbele. Ndiyo sababu mashua inaweza kwenda hata kinyume cha upepo, mradi isiuelekee moja kwa moja. Huenda kwa mshazari upande mmoja, kisha upande wa pili, na huko ndiko kubisha.

Tanga la pembetatu hubisha, ila kwa tabu. Kila chombo kinapobadili upande, foromali yote inapaswa kuzungushwa mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake. Kwa watu wawili au watatu ndani ya mashua nyembamba, mawimbi yakipiga, kazi hiyo huchosha na ni ya hatari. Mawimbi ya ghuba nayo yana tabia yake. Kina cha ndani, hasa upande wa Kisumu, ni cha mita chache tu, na juu ya maji machache mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana upesi. Ziwa linaloonekana limelala asubuhi linaweza kujaza mashua maji kabla ya alasiri kwisha.

Sasa tuufuate upepo unapoiacha mashua ufuoni. Ukingoni mwa ghuba hauangushi mvua nyingi, maana hewa bado haijainuliwa vya kutosha. Kisha hukutana na mwinuko. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700, na sehemu za Nyamira hupita mita 2,000. Hewa iliyojaa unyevu wa ziwa ikipandishwa hivyo hupoa, na mvuke wake huanza kuwa mawingu. Miteremko yenyewe, ikiwa imechomwa na jua tangu asubuhi, huongeza msukumo wa kwenda juu. Kutoka upande wa pili, juu ya ukingo wa Mau, huja pepo za mashariki zilizotoka Bahari ya Hindi. Pepo hizo mbili zinapogongana juu ya nyanda za Nyamira, Sotik na Kericho, hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu mvua za huku hupenda alasiri, na ndiyo sababu nyanda za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka huku fuo nyingi za ghuba zikipata pungufu ya hapo.

Na mawe je? Katika tropiki, hewa hufikia kiwango cha kuganda kwa maji karibu na mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Barafu inayoanguka Mombasa ina kilomita tano za hewa ya joto za kupitia, na huyeyuka njiani. Inayoanguka Nyamira ina kama tatu tu, kwa hiyo hufika ikiwa bado mawe, ikararua majani ya migomba na kupukutisha machipukizi ya chai. Hasara hiyo iliwauma wakulima wakubwa wa Kericho kiasi kwamba miaka ya 1960 kulifanywa majaribio ya kurusha roketi zenye baruti mawinguni ili kuvunja mawe hayo. Roketi hazikukomesha mvua ya mawe. Nyanda za chai zingali zinapigwa hadi leo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayomhusu tena mtu wa tanga. Mvua kubwa huvuta pamoja nayo hewa iliyopoa, nzito, ambayo ikigonga ardhi husambaa na kuteremka mabondeni. Kwa mashua iliyo karibu na Kendu Bay, maana yake ni kwamba upepo wa ziwa hufa ghafla, kisha upepo wa kishindo hutokea upande wa vilima. Tanga lililokuwa limejaa kwa nje hubanwa kwenye mlingoti, na chombo kinaweza kupinduka kabla ya demani, kamba ya tanga, kulegezwa. Dalili huonekana mapema: wingu jeusi lenye kichwa kilichotandaa juu ya Kisii, shwari isiyo ya kawaida alasiri, na mstari wa giza ukikimbia juu ya maji. Nahodha mwenye busara hutua tanga kabla mstari huo haujamfikia.

Upepo huohuo wa zamu mbili husafirisha pia gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika kiasi cha hekta 17,000 za ghuba kufikia mwaka 1998. Mchana hulisukuma ndani ya hori, usiku huliachia. Ufuo uliokuwa wazi alfajiri unaweza kuzibwa mchana. Rutuba inayolilisha, kwa sehemu, ni udongo na mbolea vilivyooshwa kutoka mashamba ya milimani.

Ratiba hii haifuatwi kila siku. Pepo za mashariki zikiwa na nguvu huuzuia upepo wa ziwa, ukachelewa kuamka au usifike mbali. Na siku ambazo hewa yenye unyevu inaingia kutoka Kongo, mvua inaweza kunyesha saa yoyote. Hata hivyo ni kanuni ya kutegemewa kwa anayeanza. Mtu wa Kisii anayekwenda kujifunza tanga afike ufuoni mapema, avae jaketi la kuokolea maisha, afanye mazoezi katika upepo mwepesi wa asubuhi, na awe ameshuka chomboni kufikia saa nane.

Mkulima naye ana la kufanya. Utabiri wa wavuvi na utabiri wa wakulima hutolewa kana kwamba ni wa nchi mbili, ilhali unahusu hewa ileile ikiwa katika saa tofauti za safari yake. Wachuuzi wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii huwasiliana na watu wa ziwani kuulizia bei ya omena. Wakiongeza swali moja, upepo wa leo umeanza saa ngapi na una nguvu kiasi gani, jibu litamfaa mchuma chai wa Nyamira kwa saa tatu au nne kabla ya wingu kufika kwake.