Dondoo Lisilo Kitabuni: Kufunza Kunukuu Wakati wa Akili Mnemba

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mwalimu wa fasihi anavyoweza kufunza kunukuu na kutaja chanzo, wakati huu ambapo mwanafunzi anaweza kuandikiwa insha nzima na simu. Ninashikilia kwamba nyenzo ya kazi hiyo tunayo tayari darasani, nayo ni swali la dondoo.

Nianze na tukio. Mwaka wa 2024 niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, katika shule ya kutwa viungani mwa Nakuru, swali la kumjadili Sara katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Msichana mmoja alileta insha safi ajabu. Aya zilipangika, hoja zilifuatana, na kulikuwa na madondoo matatu, kila moja na ukurasa wake. Dondoo la pili lilinivutia kwa sababu sikulikumbuka, na tamthilia hiyo nimeifunza mara kadhaa. Nikafungua kitabu. Ukurasa upo, lakini mazungumzo yaliyomo ni mengine kabisa. Nikapekua tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yale hayamo.

Nilimwita nikiwa nimekasirika. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kitabu chetu ni kimoja kwa watu wanne, na wiki hiyo hakikuwa kwangu." Alikuwa ameazima simu ya kakake na kuuliza programu ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Programu ilimpa maneno, ikampa na ukurasa. Yeye aliamini kwamba amenukuu.

Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hatulielezi. Programu hizi, ambazo zilienea baada ya ChatGPT kutolewa mnamo Novemba 2022, hazihifadhi vitabu jinsi maktaba inavyovihifadhi. Zimezoezwa kwa maandishi mengi mno, nazo hutunga jibu kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata jingine. Vitabu vyetu teule vinalindwa na hakimiliki, na kinachopatikana zaidi kwenye intaneti ni muhtasari na miongozo, si matini yenyewe. Kwa hivyo, programu ikiombwa maneno ya Sara hutunga maneno ambayo mama wa aina hiyo angeweza kuyasema. Yanasikika kama ya Sara. Ndiyo maana ni vigumu kuyatilia shaka.

Sasa tulitazame dondoo. Katika karatasi ya tatu ya KCSE (102/3), mtahiniwa anapoambiwa aeleze muktadha wa dondoo kwa alama 4, hutakiwa kutaja msemaji, msemewa, mahali na sababu au tukio. Tunalifunza jambo hili kama mbinu ya kuzoa alama za bure. Kwa hakika ni somo la kunukuu. Ukimtaka mwanafunzi atumie maswali hayo manne kwa kila dondoo analolileta mwenyewe katika insha, dondoo la kubuni litaumbuka haraka. Nilipomuuliza msichana yule, "Sara alikuwa akizungumza na nani? Yona alikuwa wapi wakati huo?" alinyamaza. Programu haikuwa imemwambia.

Jambo la pili ni jina la mwandishi. Tumezoea kuridhika na jina moja tu, na katika fasihi ya Kiswahili zoea hilo ni hatari. Utengano (1980) ni ya Said Ahmed Mohamed. Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976) ni za Mohamed Suleiman Mohamed. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni ya Mohamed Said Abdulla, mwasisi wa Bwana Msa. Wote watatu ni Wazanzibari. Anayeandika "Mohamed anasema" hajamtaja yeyote. Aandike S.A. Mohamed, M.S. Mohamed au M.S. Abdulla, kisha mwaka na ukurasa. Nimeona hata walimu wenzangu wakiwachanganya, na sikushangaa programu nayo ilipowachanganya.

Nami sijitoi lawamani. Kwa miaka mingi nimesomea wanafunzi maelezo ya wahusika niliyoyanakili kutoka miongozo ya madukani, bila kusema nimeyatoa wapi. Wao waliyaandika kama yangu, nami niliwaacha. Ni vigumu kumwadhibu mtoto kwa kutotaja chanzo ilhali hajawahi kumsikia mwalimu wake akikitaja. Siku hizi ninaandika ubaoni, chini ya maelezo, jina la mwongozo na ukurasa. Inachukua nusu dakika.

Kuhusu akili mnemba yenyewe, sikuipiga marufuku, maana nyumbani sina uwezo wa kuizuia. Ninaitumia hivi: ninaiomba ichambue onyesho moja la Bembea ya Maisha, ninachapisha jibu, kisha ninagawa nakala. Kila kundi hufungua kitabu na kutia alama kila sentensi: inathibitika kitabuni, haithibitiki, au ni ya uongo. Anayesema "haithibitiki" lazima awe amesoma onyesho lote. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi, tunachukua viwili. Aidha, anayeitumia akiandika insha ya nyumbani hutaja mwishoni alichoiuliza na alichokiacha, na madondoo yake huyatetea kwa mdomo akiwa ameshika kitabu.

Hilo la kushika kitabu ndilo gumu. Tulipanga zamu kwa siku badala ya wiki, na vitabu viwili vya maktaba haviazimwi tena. Hukaa mezani kwangu hadi saa kumi na moja jioni. Msichana yule alikuwa wa kwanza kuja. Insha aliirudia kwa kurasa mbili tu, mwandiko wa haraka, dondoo moja. Nililitafuta kitabuni. Lilikuwapo.