Je, Wajua? Mwani Hupimwa Kabla ya Kuingia Kinywani

Je, wajua kwamba huenda umewahi kupigia mswaki zao la mwani? Mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar, hasa spinosum, hukaushwa na kuuzwa nje, kisha viwandani hutolewa karajini. Karajini hutiwa katika baadhi ya dawa za meno ili ziwe nzito na maji yasijitenge. Kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake.

Je, wajua kwamba vita viliufikisha mwani wa kahawia kwa daktari wa meno? Kalibu za meno zilikuwa zikichukuliwa kwa agari, zao la mwani mwekundu lililotoka hasa Japani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofunga njia hiyo, aljinati, zao la mwani wa kahawia, ilishika nafasi yake. Mkemia Mwingereza Edward Stanford ndiye aliyeigundua, miaka ya 1880. Hadi leo unga wa aljinati hukorogwa na maji, hupakiwa kwenye trei na kubanwa kwenye meno ya mgonjwa. Dakika chache baadaye umeganda na kushika umbo la meno yake.

Je, wajua kwamba mwani hufyonza mema na mabaya ya bahari? Pamoja na ayodini, unaweza kulimbikiza aseniki, kadimiamu na risasi. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri wananchi wasile hijiki, mwani maarufu Japani, kwa sababu ya aseniki. Ndiyo maana dondoo ya mwani hukaguliwa metali hizo kabla ya kufikiriwa kuwa dawa ya kinywa.

Je, wajua kwamba rangi husema kama seli ziko hai? Ili kujua kama dondoo inaua seli, maabara nyingi hutumia L929, seli zenye asili ya panya zilizoanza kukuzwa miaka ya 1940. Seli hizo huwekewa dondoo, kwa kawaida saa 24, kisha hutiwa MTT, kemikali ya manjano. Zilizo hai huigeuza zambarau, zilizokufa haziwezi. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5, seli hai zikiwa chini ya asilimia 70 zikilinganishwa na zile zisizowekewa kitu, dondoo huhesabiwa kuwa inaweza kudhuru.

Je, wajua kwamba kinachoua bakteria wa meno kinaweza pia kuziunguza fizi? Kwa hiyo dondoo hupimwa ikiwa kali na ikiwa imezimuliwa, ili kijulikane kiwango kinachomdhuru Streptococcus mutans, bakteria anayechangia kuoza kwa meno, bila kuziumiza seli za fizi. Ikivuka hapo, bado hupimwa mzio, mwasho na madhara kwa vinasaba.

Basi, neno “asili” kwenye kopo si cheti cha usalama. Kabla ya kupaka kinywani dondoo yoyote ya mwani, muulize muuzaji au daktari wako: imepimwa wapi, na kwa kiwango gani?