Kosa Lijalo na Kutoweka: Kumbukumbu ya Kompyuta na Takwimu za Kagera

Kosa linaloonekana kila siku si adui mkubwa wa mtafiti, kwani hujulikana na kusahihishwa. Adui mkubwa ni lile linalojitokeza leo, likatoweka kesho, kisha likarudi baada ya juma zima bila kuacha alama. Makosa ya kumbukumbu ya kompyuta mara nyingi huwa ya namna hiyo. Madhara yake huzidi pale kompyuta nyingi zinapotumia hifadhidata moja, yaani daftari moja kubwa la takwimu, kwa sababu kosa la mtambo mmoja huweza kuwa urithi wa wote.

Umuhimu wa jambo hili waonekana wazi mkoani Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya 915 mkoani humo, zikiwemo za Bukoba na Muleba, juu ya afya na maendeleo yao. Watu hao walitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010. Kwa kuwa wengi walikuwa wamehama, wameoa au wameolewa, kaya zilizohojiwa zilizidi 2,700 katika awamu ya kwanza ya ufuatiliaji, na 3,300 katika ya pili. Mwaka 2010 wahoji walitumia kompyuta ndogo badala ya karatasi. Uzi unaomwunganisha mtoto wa 1991 na mtu mzima wa 2010 ni namba yake tu.

Wilayani Muleba, kuanzia mwaka 2015, makundi 48 ya wakazi yalishiriki katika jaribio la vyandarua vilivyoongezewa piperonili butoksaidi, kemikali inayodhoofisha usugu wa mbu dhidi ya dawa. Baada ya miezi 9, asilimia 29 ya watoto waliopimwa katika makundi yenye vyandarua hivyo walikuwa na vimelea vya malaria, ikilinganishwa na asilimia 42 katika makundi yenye vyandarua vya kawaida. Hesabu kama hiyo huwa na maana iwapo tu kila mtoto amebaki katika kundi lake.

Namba hugeukaje?

Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila tarakimu huitwa biti. Namba 48 huandikwa 110000, yaani 32 na 16. Ikiwa biti ya kwanza kushoto itageuka kuwa 0, hubaki 010000, yaani 16. Katika orodha ya makundi 48, namba 16 ni halali kabisa. Hakuna kengele itakayolia, ila mtoto atakuwa amehamishwa kundi bila yeye wala mtafiti kujua.

Biti hutunzwa kama chaji ndogo mno ya umeme. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walionyesha kwamba chembe za alfa, zitokazo katika urani na thori kidogo sana zilizomo katika vifuniko vya vipande vya kumbukumbu, zaweza kuibadili chaji hiyo. Miale itokayo angani nayo huleta athari kama hiyo. Katika uchaguzi wa Ubelgiji mwaka 2003, mgombea mmoja wa Schaerbeek alihesabiwa kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Idadi hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, na maelezo yaliyokubalika zaidi yalikuwa kwamba biti moja iligeuka.

Hata hivyo, si kila kosa hutoka mbinguni. Kipande kibovu, joto, vumbi kwenye viungio na umeme usiotulia huleta matatizo yale yale. Aidha, programu yaweza kuazima nafasi ya kumbukumbu bila kuirudisha, hata nafasi ikaisha. Au watumiaji wawili wakaandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, mmoja akafuta kazi ya mwenzake.

Namna ya kuchunguza

Hatua ya kwanza ni kutunza nakala ya data kabla ya kugusa chochote. Pili, kila kosa liandikwe: saa, mtambo, kazi iliyokuwa ikifanyika, na idadi ya watumiaji. Kosa likitokea kwenye mtambo mmoja tu, mtambo huo ushukiwe. Likiongezeka kadiri saa zinavyopita na kukoma baada ya kuwasha upya, programu ndiyo ishukiwe. Likitokea watumiaji wanapokuwa wengi tu, utaratibu wa kuandika kwa zamu uchunguzwe.

Tatu, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja. Kipande cha kumbukumbu kikihamishiwa mtambo mwingine na kosa likakifuata, mkosaji amepatikana. Kipimo cha kumbukumbu kiachwe kifanye kazi usiku kucha, kwa maana dakika tano za usalama hazithibitishi uzima.

Kinga, na jaribio la darasani

Wanafunzi sita washike kadi za namba 110000. Wa saba aongeze kadi ya 0 au 1 ili idadi ya 1 iwe shufwa; hapa ataongeza 0. Kadi moja igeuzwe kwa siri: idadi itakuwa witiri, na kosa litajulikana, ingawa mahali pake hapatajulikana. Zikigeuzwa kadi mbili, kosa litajificha. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Marekani alichapisha njia ya kutumia biti kadhaa za ulinzi, kila moja ikilinda fungu lake, hata mahali pa kosa pakaonekana na biti ikarudishwa. Seva nyingi hutumia kumbukumbu zenye ulinzi wa asili hiyo. Kompyuta nyingi za kawaida hazina; kwa hiyo uangalifu wa binadamu bado ni sehemu ya mtambo.