Acheni Kuhesabu Mizoga ya Panya

"Sumu gani inaua panya kuliko zote?" Msimu wa kupanda ukikaribia, wakulima wananiuliza hilo hilo. Nimechoka kulijibu, kwa kuwa hata nikitaja sumu yenyewe, muulizaji hatavuna zaidi. Panya shamba si mgumu kuua; tatizo ni jinsi anavyozaliana.

Jike mmoja ana chuchu zinazofika 24, hubeba mimba siku 23 hivi na huzaa watoto kumi au zaidi. Kinachomzuia kujaza shamba ni njaa na ukame. Utafiti wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, umeonyesha kuwa vuli ikinyesha sana panya huanza kuzaa mapema, watoto wao nao wakawahi kuzaa, na ndipo mlipuko hutokea.

Haya, ua nusu yao. Waliobaki wanagawana chakula kilekile wakiwa wachache, na watoto ambao wangekufa njaa wanapona. Mashimo matupu yanapata wapangaji kutoka kwa jirani asiyetega. Ni kama kisima: unachota jioni, alfajiri kimejaa. Ndoo ya mizoga haina maana yoyote. Msimu ujao unaamuliwa na waliobaki hai.

Na ile saruji ya kuchanganya na unga, eti igande tumboni! Umande unaigandisha shambani kabla ya kuliwa, na hata ikiua wawili watatu, pengo lao linazibwa upesi. Hatari zaidi ni dawa ya wadudu wa nyanya kupakwa kwenye mahindi ya chambo. Kuku hufa, paka hufa, na mtoto akiokota punje hizo mnakimbilia hospitali. Jambo hili likome.

Fanyeni hivi. Tegeni kijiji kizima kabla ya kupanda, maana mbegu hufukuliwa siku chache tu baada ya kufukiwa. Fyekeni vichaka vya pembeni. Pandeni kwa pamoja. Chambo chukueni kwa afisa ugani. Sumu ya zinki fosfaidi msiirudierudie, panya aliyeonja akanusurika haigusi tena. Inueni ghala, miguu yake vikeni bati. Bundi mwacheni, chakula chake ni panya.

Vuli ikiwa nzito, msisubiri kumwona panya: iteni mkutano wa kijiji Januari.