Canter la samaki, usiku wa Mafinga na fundi wa Uyole

MAFINGA, saa tisa usiku. Baridi ya Mufindi haina mchezo, wanaoijua wanaijua. Ndani ya boksi la Canter tulikuwa sita, mablanketi hadi masikioni, jiko la mkaa katikati makaa yake bado mekundu. Asubuhi tulitakiwa kuendelea na safari ya Dar es Salaam kwenda kuishangilia timu ugenini.

Niliamshwa na ngumi za mlangoni. Alikuwa mlinzi wa kituo cha mafuta tulichoegesha, anataka tusogeze gari tupishe lori. Alipofungua mlango kwa nje, mwenzetu mmoja akajaribu kusimama, akaanguka kama beki aliyepigwa chenga. Mwingine akatapika hapo hapo. Mimi kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma za jukwaani. Wote tukasema ni chakula cha Makambako.

Haikuwa chakula. Ilikuwa hewa ya mkaa. Na yule mlinzi hakuja kutuokoa, alikuja kutufukuza. Angechelewa saa moja tu, leo ningekuwa naandikwa, si naandika.

Nimeona niiseme hapa, kwenye kurasa za michezo, kwa sababu najua hatuko peke yetu. Matawi mengi yameanza kuutamani mchongo huu wa kununua lori la boksi lililochoka, kutupa magodoro ndani na kuanza kuifuata timu. Wazo lenyewe si baya. Ubaya ni kulifanya kama tulivyolifanya sisi.

TULIANZAJE

Shabiki wa Nyanda za Juu Kusini ukimwambia habari ya umbali anakucheka. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mbeya hadi Iringa, ambako watu husema ni hapo tu, ni zaidi ya 300. Mwaka 2019 Lipuli ilipofika fainali ya Kombe la FA, mechi ikapangwa Uwanja wa Ilulu, Lindi. Wanapaluhengo waliotoka Iringa walivuka karibu nusu ya nchi kwenda kuona timu yao ikifungwa 1-0 na Azam. Halafu kuna kurudi.

Mbeya City nayo iliwazoesha watu vibaya. Msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na jezi za zambarau zikawa zinaonekana kila uwanja. Timu ilishuka mwaka 2023, ikarejea 2025, na mzuka wa kusafiri umerudi nayo.

Kuna viwanja vingine hata ukiwa na hela ya kulala, kitanda hakuna. Novemba 29, 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, Ubaruku, Mbarali, na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ubaruku ni mji wa mpunga, uko nje ya barabara kuu. Siku Yanga au Simba ikicheza sehemu ya namna hiyo, nyumba za wageni zinajaa mapema, anayechelewa analala kwenye benchi la mama ntilie.

Sasa ukikaa Iringa na Mbeya unawaona wazungu wanavyopita. Wanatoka Nairobi kwenda Malawi, wengine hadi Cape Town, na malori yao mazito ya Unimog na MAN yenye nyumba mgongoni. Wengi hupiga kambi Kisolanza, kilomita kama 50 kutoka Iringa ukielekea Mafinga. Wana kitanda, jiko, maji na taa humo humo. Lami ikiisha wao wanaendelea.

Mmoja wetu, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, alikuwa na Canter la kubebea samaki lililokuwa limestaafu kazi. Tukaliosha mara tatu kwa sabuni na ndimu, tukaweka magodoro, tukapaka zambarau. Tukajiona wazungu.

HUKUMU YA FUNDI

Baada ya Mafinga hatukufika Dar. Tulirudi Mbeya, na mechi tukaisikiliza redioni. Wiki iliyofuata tulilipeleka gari kwa mzee mmoja mwenye gereji Uyole, fundi wa mabodi wa miaka mingi. Alizunguka gari bila kusema kitu, akapanda ndani, akafunga mlango. Kisha tukamsikia anagonga.

Tulipomfungulia alituuliza swali moja tu. "Wanangu, huu mlango mnafungua vipi mkiwa ndani?"

Kimya. Komeo la boksi la samaki liko nje. Samaki hawatoki wenyewe.

Akatueleza taratibu. Boksi la namna hiyo lina kuta mbili na sponji ngumu katikati, na mpira unaozunguka mlango. Limetengenezwa ili hewa isiingie wala kutoka, ubaridi ubaki ndani. Kwa mtu anayetaka nyumba ya kulala Mafinga au Mbeya mwezi Julai hiyo ni bahati, maana joto la miili sita linatosha bila moto wowote. Ila ukiwasha mkaa humo umejichimbia kaburi.

Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, kama mpinzani anayekuziba njia na refa haoni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Ndiyo maana watu hufa wamelala. Mkiwa wawili watatu ndani na wote vichwa vinauma kwa pamoja, usitafute dawa. Tokeni nje kwanza, kisha muende hospitali.

Kazi ya kwanza ya fundi ikawa kukata. Alikata tundu la hewa chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, yote na wavu wa mbu, na akakataza yasizibwe hata baridi iwe kali vipi. Akatoboa mlango, akafunga kitasa cha ndani. Akaweka dirisha upande wa pili, kubwa la kupitisha mtu mzima mwenye kitambi, ili mlango ukizuiwa kuwe na njia nyingine. Tulinunua pia king'ora kidogo cha betri kinachopiga kelele kikinusa hewa hiyo. Jiko la gesi linapikia nje, chini ya turubai. Mkaa hauingii tena.

CHESISI INACHEZA, BOKSI HALICHEZI

Kazi ya pili ndiyo iliyonifumbua macho. Tulidhani gari likipita kwenye mashimo linarukaruka tu. Fundi alipandisha tairi moja la mbele juu ya gogo, akatuonyesha. Chesisi ya lori imetengenezwa ijipinde. Tairi la kushoto likipanda na la kulia likishuka, yale mabomba mawili marefu yanajinyonga kidogo. Kwenye lami huoni. Kwenye barabara ya vumbi inajinyonga siku nzima.

Boksi halijinyongi. Ukilikaza kwa bolti pande zote, mmoja lazima apasuke. Letu lilikuwa limeshaanza, pembe ya mbele ilikuwa na ufa unaopitisha kidole, na mvua ilikuwa inaingia humo.

Akachomelea fremu nyingine ya chuma kati ya chesisi na boksi. Nyuma aliikaza moja kwa moja. Mbele hakukaza, aliweka bolti ndefu zenye springi kali, ili chesisi ikijipinda springi zibonyee na kurudi, boksi lenyewe likae shwari. Malori ya wazungu nayo yana kitu kama hicho, mengine yamefungwa kwa sehemu tatu tu, yanayumba kama kigoda cha miguu mitatu ambacho hakikosi kusimama.

UZITO NA MKIA

Tulikuwa tumepanga kuweka tangi la maji juu ya paa. Fundi akacheka. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 200 ni kilo 200 zinazoning'inia juu ya kichwa chako kwenye kona. Boksi lenyewe tayari ni refu kwenda juu. Weka uzito wote juu, halafu ushuke Kitonga.

Hapa niseme kitu. Vijana wa mjini "kitonga" ni mteremko, kitu cha bure. Ule mlima wa Iringa haujui misemo hiyo. Ukitoka Iringa kwenda Dar unaushuka, na dereva anayeushuka kwa breki tupu anazichemsha hadi zinakataa kushika. Unaushuka kwa gia ndogo, pole pole, malori yaliyokutangulia yakupangie mwendo.

Kwa hiyo tangi la maji limekaa chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Betri nazo ziko sakafuni. Juu ya paa kuna paneli ya sola tu, ambayo ni nyepesi, na inatosha taa, simu na redio ya kusikilizia mechi nyingine.

Matairi tulitaka kubadilisha, tuweke makubwa ya kibabe. Fundi alituzuia. Ya Canter yanapatikana kuanzia Mbalizi hadi Ilula, hayo ya kibabe ukipasukiwa Chimala utalala hapo. Alichofanya ni kukata bampa la nyuma na kupandisha kila kilichokuwa kinaning'inia, maana boksi letu lina mkia mrefu nyuma ya matairi. Gari likipanda kutoka kwenye korongo, mkia ndio unaogonga kwanza. Canter letu si lile linalovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo tumekubaliana, matope yakizidi tunaegesha na kutembea kwa miguu.

NANI ANAPANDA

Ubishi mkubwa ulikuwa wa mwisho. Fundi alituambia wazi kuwa boksi ni la kulala gari likiwa limeegeshwa. Gari likitembea, ndani yake hapandi mtu. Hakuna mikanda, hakuna viti, dereva hawasikii, na kisheria lile ni lori la mizigo. Kadi ya gari ndivyo inavyosema. Ukibadilisha muundo, gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani na kadi irekebishwe TRA. Ukianza kuwatoza watu nauli, hapo utakutana na LATRA.

Kabini inakaa watatu. Sisi ni sita.

"Sasa faida iko wapi?" akauliza mwenye gari, sauti imepanda. Ameuza pikipiki kwa ajili ya kazi hii.

Fundi hakubishana naye. Alisema tu kwamba kwenye Mlima Nyoka ameshaitwa mara nyingi kwenda kuvuta mabodi yaliyopinduka, na hajawahi kusikia shukrani kutoka ndani ya boksi.

Tukapiga hesabu upya. Watatu wanapanda basi, watatu wanakwenda na gari, safari ya kurudi tunabadilishana. Nauli tatu tunalipa. Vyumba hatulipi, chakula tunapika, na hakuna anayelala kwenye benchi. Faida imepungua, lakini ipo.

SAMORA, ASUBUHI

Safari ya kwanza baada ya matengenezo tulikwenda Iringa, mechi ya kirafiki Uwanja wa Samora. Tuliegesha Ipogolo, jirani na malori makubwa. Usiku niliamka mara nne. Kila nikiamka nilinyoosha mkono kwenye tundu la chini kuhakikisha upepo unaingia, kisha nikagusa kitasa. Sikuwaambia wenzangu. Asubuhi nikagundua kila mmoja alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Tulifungua mlango kwa ndani. Mama muuza chai akatuangalia tunavyoshuka mmoja mmoja kutoka kwenye gari lenye mchoro wa samaki ambao rangi ya zambarau haikuufunika vizuri.

"Kamwene," akatusalimia. Tukaitikia kamwene. Akahesabu vikombe.

"Sita?"

Sita, mama. Wote tupo.