Simu Bila Mnara: Ujumbe Utapita kwa Nani?

Mafuriko yaangushapo minara ya simu, familia ya askari aliye kazini hutaka kujua jambo moja: je, yu salama? Hapo ndipo wengi hujiuliza kama simu haziwezi kupashana habari zenyewe kwa zenyewe.

Zaweza, ila kwa shida. Bluetooth, iliyoanza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi, ilikusudiwa kuondoa nyaya kati ya vifaa vilivyo jirani, wala si kuunganisha kijiji kizima. Katika simu nyingi mawimbi yake hufika takriban mita 10 tu, na ukuta mnene, hata mwili wa mtu, huyadhoofisha.

Shida kubwa zaidi imo katika mpango wenyewe. Kwa utaratibu wa awali, kila kundi lina kifaa kimoja kiongozi na wafuasi 7 tu walio kazini kwa wakati mmoja. Ili makundi mawili yaungane, kifaa kimoja hugawa muda wake mfano wa tarishi wa ofisi mbili: akiwa huku, kule wamngoja. Betri yake ikiisha, makundi huachana. Kiongozi akitoweka, kundi huvunjika.

Mwaka 2014, umati uliojaa barabara za Hong Kong ulitumia programu ya FireChat kupokezana habari. Msongamano ule ulisaidia, kwa kuwa simu zilikaribiana. Lakini maneno ya vyumba vya hadhara yaliweza kusomwa na yeyote aliyeingia humo.

Mwaka 2017 zilitolewa kanuni mpya zinazoruhusu vifaa vingi kupokezana ujumbe. Hata hivyo, kifaa kinachopokeza sharti kisikilize karibu muda wote, jambo linalokula betri. Ndiyo maana kazi hiyo hufaa zaidi taa na mitambo iliyounganishwa na umeme.

Basi, asiyejiandaa asitarajie muujiza siku ya maafa. Programu ya namna hiyo haina budi kuwekwa katika simu za jamaa na majirani kabla mtandao haujakatika, na kujaribiwa. Betri zitunzwe, na siri za kazi zisipitishwe humo. Zaidi ya yote, kila nyumba ichague mapema mahali pa kukutania, maana mahali hapo hapahitaji mnara wala betri.